Aliyefungwa Kitambaa Asikatizwe

Kinyozi alikuwa na sheria moja dukani kwake, wala hakuibandika ukutani kwa sababu hakuna aliyekuwa haijui. Aliyekaa kitini, kitambaa kikishafungwa shingoni, ndiye mwenye neno. Wengine wote, awe tajiri awe nani, wameze mate mpaka kitambaa kikung'utwe.

Sheria hiyo ilizaliwa na ajali. Wakili alikuwa ananyolewa huku anabishana na Fundi Viatu kama mke ana haki ya kubaki na jina la baba yake baada ya ndoa. Fundi Viatu akasema ana haki, Wakili akageuza shingo ghafla amkate kauli, na mashine ikakata kitu kingine. Alitoka na njia upande wa kushoto wa kichwa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. Kuanzia hapo ikaamuliwa: anayenyolewa aseme yote yaliyomo moyoni, atazame kioo, na kwa kuwa hajibiwi hana sababu ya kugeuka.

Huyo Wakili, tuelewane, hakusomea sheria. Aliuza matairi. Jina alipewa kwa ubishi.

Basi duka likawa baraza. Benchi la wanaosubiri lilijaa kutwa, na nusu ya waliokaa pale walikuwa na vipara. Walikuja kusikiliza. Na Kinyozi, akishakung'uta kitambaa, ndiye aliyefunga kila mjadala kwa maneno yake yaleyale: "Haki ya mtu ni kama kichwa chake. Huwezi kumbebea." Kwa maneno hayo alikuwa amemtetea msichana aliyetaka kuwa fundi magari, mwanamke aliyesema mtoto mmoja anamtosha, na kijana aliyetoboa sikio akafukuzwa na baba yake. Watu walisema Kinyozi ana kifua kipana, kila mtu anaenea.

Nyumbani kwake sasa, haki hizo zilivua viatu mlangoni zikabaki nje.

Nyumbani aliishi na mkewe, watoto, na mama yake mzazi. Mtaa mzima ulimwita mama huyo Bibi Redio, kwa kuwa alikuwa na redio ndogo ya betri na tabia ya kuijibu. Mtangazaji akisema jambo lisilomwingia akilini, alimwambia, "Wewe nawe, umekula kweli leo?" na kuendelea kupinda mashuka ya watu, kazi iliyompa senti zake mwenyewe.

Bibi Redio hakuteswa. Heri angeteswa, angekuwa na la kushtaki. Alipendwa mpaka akakosa pa kuweka mguu. Akishika ufagio, mkwe wake anaupokea. Akienda jikoni, anarudishwa: "Mama, kaa, pumzika." Alikuwa amepumzika mpaka amechoka. Mgeni akimuuliza hali yake, wajukuu wanajibu. Akisema hana njaa, sahani inakuja na maneno, "Kula kidogo tu," na kile kidogo kilikuwa mlima.

Ndipo alipokiona chumba. Kilikuwa nyuma ya duka la Mama Dawa, mtaa wa pili, kina dirisha la barabarani na bomba hatua chache kutoka mlangoni. Alisimama katikati ya sakafu ile tupu, akanyoosha mikono huku na huku, haikugusa mtu.

Mara ngapi alijaribu kumwambia mwanawe, hata yeye alisahau.

"Mwanangu, nimeona chumba kule..."

"Chumba? Kwani chako kinavuja?"

"Hakivuji, ila nilikuwa nataka..."

"Mama, watu watasema nimekufukuza. Unataka nitembee na mfuko kichwani?"

"Sikiliza kwanza, baba, mimi..."

"Tumemaliza hilo. Chai hiyo inapoa."

Na chai ilikuwa na sukari anayoipenda. Utamgombezaje mtu wa namna hiyo?

Angeweza kuhama tu. Ni mtu mzima, hana kamba mguuni. Lakini hakutaka kutoroka kwa mwanawe kama mwizi wa kuku. Alitaka atoke kwa mlango, mchana, na mwanawe akiwa amebeba godoro. Pungufu ya hapo kile chumba kingemwasha kama upele.

Sasa siku moja Mama Dawa akamwambia, "Bibi, kuna muuguzi anakitaka. Mimi nakupenda wewe, lakini chumba hakikai na njaa. Nipe jibu leo kabla sijafunga."

Bibi Redio akajitanda, akaenda dukani kwa mwanawe. Nia yake ilikuwa amwite nje, waongee pembeni. Alikuta baraza limepamba moto. Wakili alikuwa anasema mwanamume akiingia jikoni nyumba inapoteza kichwa, na Dobi, jirani wa duka lile, alikuwa anamuuliza kama kichwa hicho hakina mdomo wa kula. Kinyozi alisimama akiwapa mgongo walioingia, anafuta mashine kwa spiriti na kungoja zamu yake ya kuhukumu. Benchi lilijaa. Magoti ya Bibi Redio yalikuwa yamechoka na jua. Kiti pekee kilichokuwa wazi ni kile chenyewe, akakaa.

Mkono wa Kinyozi haukungoja macho. Ulikuwa umezoea: kiti kikilia, mkono unachukua kitambaa, unakikung'uta, unakizungusha, unafunga fundo nyuma ya shingo. Yote hayo aliyafanya uso ukiwa kwa Wakili, anamwambia, "Jiko halina jinsia, ndugu yangu." Kisha akageuka kwenye kioo amuulize mteja anataka mtindo gani, akakutana na macho ya mama yake.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini hapo?"

"Marahaba. Nimekaa."

"Ngoja nikufungue."

"Kinyozi," Fundi Viatu akasema taratibu kutoka kwenye benchi, "kitambaa kimefungwa."

"Huyu ni mama yangu."

"Na hicho ni kitambaa chako."

Bibi Redio alitazama benchi kupitia kioo. Sheria ile alikuwa ameisikia mara nyingi, mwanawe akiisimulia kwa majivuno wakati wa chakula. Hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kumfaa. Akakaa vizuri, akavua ushungi.

"Fupisha," alisema. "Zote sawasawa. Na mimi nina neno."

Kinyozi alichukua mkasi.

"Mwanangu huyu," Bibi Redio alianza, "ni mtoto mwema. Nasema mapema, asije mtu akaenda kutangaza vingine. Mkewe ni mwema kunishinda. Nikikohoa, maji yameshafika. Nikipiga miayo, kitanda kimetandikwa. Lakini jamani, mimi sijaamua jambo tangu nihamie kule. Sikumbuki mara ya mwisho nilipounguza mboga. Mtu anataka aunguze mboga yake mara mojamoja, akasirike, aile."

Dobi alicheka, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Nimeona chumba kwa Mama Dawa. Nataka kukaa humo. Sina ugomvi na mtu. Nataka kuamka nisiulizwe nimeamkaje mpaka niwe nimejua mwenyewe. Nataka nikisema sili, nisile. Nataka..."

"Mama, lakini..." Kinyozi akadakia.

"Kitambaa," benchi likasema kwa pamoja, kama darasa.

Mkasi uliendelea. Nywele za mvi zilianguka begani kidogokidogo.

"Mnaona?" Bibi Redio akasema. "Hapo ndipo ninapokomea siku zote. Hapo kwenye 'nataka'. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia mwisho wa sentensi yangu mwenyewe. Huku anawatetea mabinti wa watu na masikio ya watoto wa watu. Mimi nilimzaa, na haki yangu imekwama kwenye chai. Sitaki kuhama kwa siri. Nataka anibebee godoro. Basi, nimemaliza. Nyuma hapo punguza kidogo tena."

Kinyozi alipunguza. Akapiga brashi, akapaka poda, akafungua fundo na kukung'uta kitambaa mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama yake akahamia kwenye benchi. Dobi alikuwa amesimama kumpisha.

Midomo ikafunguka.

"Mimi sikubali," Wakili alisema. "Bibi, nakuheshimu, lakini mzazi si mpangaji. Ukianguka usiku, nani atajua?"

"Na wewe ukianguka kwenye matairi yako, nani anajua?" Dobi akamuuliza.

"Mimi bado nina nguvu."

"Mwenye nguvu ndiye anaanguka kwa kishindo."

Fundi Viatu hakucheka. "Mimi naishi peke yangu," alisema, "na simdanganyi mtu. Haki anayo, hilo sibishi. Lakini ukimya nao una kelele zake, Bibi. Zipo siku nazungumza na kiatu. Ujue unachokitaka."

Bibi Redio akaitikia kwa kichwa. Neno hilo lilimwingia, na hakulitupa. "Ahsante, baba. Hilo nalibeba."

Kinyozi alikuwa bado mlangoni na kitambaa mkononi. "Sasa na mimi mnisikilize."

"Kitini," akasema Wakili, aliyeipenda sheria zaidi ya wote kwa kuwa ilimgharimu kichwa.

"Nikae kitini, nani anikate?"

"Ndiyo maana wahenga walisema kinyozi hajinyoi," Dobi akasema. "Mtafute mtu."

Walitazamana. Bibi Redio ndiye aliyesimama. Kichwa kile alikuwa amekinyoa tangu kilipokuwa laini utosini mpaka mwenyewe alipoanza kuona haya. Akampokonya mwanawe kitambaa, akamwonyesha kiti kwa kidevu. Mtu mzima na ndevu zake akakaa. Mama akafunga fundo, likakaza kidogo.

Kinyozi alijitazama kwenye kioo. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kukiona kioo chake kutoka upande huo, kikiwa na watu wote nyuma yake wamenyamaza wanamngoja.

"Nilimwambia mama naogopa maneno ya watu," alisema. "Ni kweli, naogopa. Kesho yule wa matairi atauza habari hii pamoja na matairi."

Wakili alifungua mdomo, akaufunga.

"Lakini si hilo tu. Mimi nikirudi jioni, kabla sijafungua mlango, nasikia redio ya mama. Nasikia anamgombeza mtangazaji. Nikisikia hivyo najua humo ndani yupo mtu mkubwa kuliko mimi. Lolote likitokea, kuna mkubwa. Akihama, mkubwa ni mimi."

"Nani kakwambia wewe..." Bibi Redio akaanza.

"Bibi. Kitambaa," benchi likamkumbusha.

Aliuma ulimi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Neno lilikuwa limemjaa mdomoni kama ugonjwa wa jino, akalimaliza kwa mkasi: kacha, kacha, upande wa kulia. Alielewa kidogo jinsi mwanawe alivyokuwa akishindwa kungoja.

"Sijawa tayari kuwa mkubwa," Kinyozi akasema. "Basi. Hayo tu. Watoto wananiuliza mambo, na mimi naenda kumuuliza mama kwa mzunguko, ili wasijue. Na nikimpa chai ya pili, si kwamba simsikii. Ni kwamba nikimsikia mpaka mwisho, ataondoka. Nimemaliza."

Mkasi ulisimama.

Bibi Redio alifungua fundo, akakung'uta kitambaa, akakikunja vizuri na kukiweka kwenye mkono wa kiti. Sasa alikuwa huru kumjibu, na yale yote yaliyomjaa mdomoni yalikuwa yamepungua.

"Mtaa wa pili si safari," alisema. "Ukiona umekuwa mkubwa mno, njoo nikupunguze."

Kinyozi akacheka puani. Kisha akaona kichwa chake. Upande mmoja ulikuwa juu, upande mwingine umeteremka mpaka karibu na sikio, na katikati palikuwa na kitu kama kichuguu.

"Mama, hii ni nini?"

"Wewe ulitikisika."

"Sikutikisika hata."

"Basi mkasi wako ni mbovu."

"Huo si mkato," Wakili akasema. "Hayo ni maoni."

Baraza likaangua kicheko, na Kinyozi mwenyewe akiwa humo. Alipotulia akachukua brashi, akajifuta shingo.

"Sijasema nimekubali," alimwambia mama yake. "Nimesikia tu."

"Kusikia kunatosha kubebea godoro."

Kinyozi akawatazama walioko kwenye benchi. Wote walikuwa wanasoma sakafu, kana kwamba haki za binadamu zimeandikwa pale.

"Mama Dawa anafunga saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi, usipoinuka."

Akavua koti lake la kazi, akalitundika, wakatoka pamoja, yeye na kichuguu chake, mama na ushungi begani, anatembea kichwa wazi mtaani ili upepo upite kwenye nywele fupi.

Walihamisha mchana, kila mtu akiona. Mkwe alilia, akafungasha vyombo, akalia tena, akaongeza sufuria ambayo hakuombwa. Kinyozi alibeba godoro kichwani, na waliomuuliza mama amekosana na nani aliwajibu, "Na mimi, lakini tumeelewana," akaendelea na njia. Wengine waliridhika. Wengine walisema waliyoyasema, na wanayasema mpaka leo. Mdomo wa mtu nao ni haki yake.

Usiku wa kwanza Bibi Redio alipata usingizi wa mang'amung'amu. Ukimya ulipiga kelele kweli, kama Fundi Viatu alivyomwambia. Asubuhi akaunguza mboga. Alikasirika, akaila, akaona si tamu kama alivyotarajia, akakwangua sufuria yote.

Siku ya kwanza ya mapumziko ya Kinyozi, Bibi Redio alipokuwa amekaa kitandani anapinda shuka, alisikia hatua za mtu zikija hadi mlangoni, zikasita. Alizijua. Miaka yote miguu ile iliingia tu alipokuwa, kama upepo unavyoingia.

"Hodi," Kinyozi akasema kutoka nje.

Neno dogo hilo. Hakuwa amewahi kulisikia kwa mwanawe, maana kwa mama hapapigwi hodi.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama."

"Ngoja nijifunge vizuri."

Alikuwa amejifunga tangu alfajiri. Alikaa palepale, sindano mkononi, akimsikiliza mwanawe akikohoa kwa adabu na kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, kama mgeni. Halafu akachomeka sindano kwenye shuka, akainuka taratibu, akaenda kumfungulia.