Changarawe Mlangoni

"Mama Wegesa, hilo jiwe kubwa la mteremkoni nyuma ya nyumba yako bado limeshika?" Tereza aliwahi kumuuliza jirani yake Dorotea. Naye alicheka tu.

Sasa pamba hailipi, na shemeji yake Magesa huwasha moto juu ya jiwe hilo, kisha hulimwagia maji baridi lipasuke, apate kokoto za kuuza Musoma. Kila mvua ikinyesha, changarawe hutiririka kutoka chini ya jiwe hadi mlangoni.

"Shemeji, acha. Litatuangukia."

"Lilikuwepoga tangu babu! Si unasali wewe? Sali basi. Ila ukiuhama mji huu wa marehemu kaka yangu, usirudi."

Nyuma ya ukuta, upande wa jiwe, kitu kikakwaruza. Dorotea akamtazama mwanawe Wegesa aliyelala, akamfunga mgongoni kwa kanga, akatoka, akauacha mji.