Gari Ambalo Halikuwahi Kupanda Mlima

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Naim aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo, kama mama anayempima mtoto homa. Boneti ilikuwa baridi. Akaridhika. Muuzaji anayewasha gari kabla mteja hajafika huwa ana jambo la kuficha, na Ngige, dalali wa magari, alikuwa hata hajamaliza chai yake.

Gari lilikuwa jeupe, la magurudumu manne, la zamani kidogo. Liliegeshwa kwenye uwanja ulio nyuma ya kituo cha petroli mjini Kitale, kati ya trekta bovu na pikapu isiyo na milango. Jepkoech alisimama pembeni, gambuti zake za kukanyagia matope zikiwa kwenye mfuko. Alikuwa amehudumu kama muuguzi miaka ishirini na sita katika zahanati moja juu ya Endebess, na sasa amestaafu. Chama cha akina mama kilikuwa kimemtuma kutafuta gari la kuwateremsha wajawazito siku za mvua, maana mvua ikinyesha kule bodaboda hukwama na ambulensi huwa "inakuja."

Mdogo wake, Chepkosgei, aliambiwa inakuja. Alingoja kwenye kibanda cha maziwa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, akafa pale pale na mtoto tumboni. Ni miaka tisa sasa. Jepkoech ndiye aliyekuwa amemshikia mwavuli. Hajawahi kujisamehe, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Naim alikuwa fundi wa karibu na msikiti, na watu walimtafuta kwa sababu hakuwa na haraka. Alichovya oili kwa kidole akainusa. Alipitisha sumaku mlangoni, kuona kama kuna mahali palipozibwa kwa puti. Hapakuwa na puti, ila jua lilipoupiga mlango kwa ubavu, chini ya rangi nyeupe yalionekana maandishi yaliyofutwa: AMBULENSI. Ndani, chini ya zulia, alikuta manyoya ya kuku.

"Ilikuwa ya ofisi, mathe," Ngige alimweleza Jepkoech. "Mkubwa mmoja alikuwa anaenda nayo kwao Bungoma kila Ijumaa, anarudi Jumatatu. Lami tupu! Hii gari imebebwa kama yai, bana."

Alisema hivyo kwa kusifia, maskini. Naim alitandika katoni akajiingiza uvunguni. Alipotoka alijifuta mikono taratibu.

"Mama, huku nyuma imechoka kiasi. Lakini difu ya mbele, ile ya kuzungusha magurudumu ya mbele, ni mpya kabisa. Rangi ya kiwanda bado iko kwa nati. Hii gari haijawahi ingia matope."

"Miaka yote hiyo?"

"Hata siku moja. Kuja uone."

Akamwonyesha ile gia fupi ya pembeni, inayoamrisha magurudumu yote manne yavute. Kichwa chake bado kilikuwa kimevikwa nailoni ya kiwandani. Jepkoech aliitazama nailoni ile kwa muda mrefu. Alikuwa na hasira hadi masikio yakamwasha, lakini alilelewa asipige kelele mbele za wanaume wasiomjua, kwa hiyo akavaa gambuti.

Naim hakuwa mtu wa kulijaribu gari tupu. Kwa kawaida aliazima magunia sita ya mahindi kwenye stoo ya jirani, akayapakia, ndipo akaondoka. Siku hiyo stoo ilikuwa imefungwa, mwenyewe ameenda Moi's Bridge kununua mzigo.

"Si tuende tu hivyo?" akauliza Ngige.

"Tutapata mzigo mbele," alisema Naim, akifikiria kupakia mawe njiani.

Waliipita Endebess, lami ikawaacha, matope yakaanza. Kwenye mwinuko wa kwanza magurudumu yalizunguka pale pale bila kusogea. Naim akamwambia Jepkoech aitoe nailoni mwenyewe, kwa kuwa ndiye mnunuzi. Aliichana kwa kucha, akaikunja, akaitia mkobani. Naim akaivuta gia. Kukasikika mlio mdogo, na gari likaanza kupanda kana kwamba njia ni kavu.

Kwenye kona ya kwanza mwanamume mmoja aliyefungwa mguu kwa leso aliinua mkono. Naim alisimama, kwa kuwa mtu ameinua mkono. Yule bwana akapanda nyuma.

"Mmekawia," alisema, akajisogeza akae vizuri. Alikuwa amekatwa na panga msimu wa mavuno, mwaka ambao daraja lilikuwa la mbao, na damu ilikuwa imemwishia pale konani.

Kona ya pili walikuwapo wanaume wawili waliobeba mzee juu ya ngazi. Wale wawili waliagana na mzee wakabaki, kwa kuwa wao walikuwa hai na walikuwa na ng'ombe wa kukamua. Kona ya tatu walipanda watoto watatu wa kuhara na nyanya yao. Gari lilizidi kulemewa na kudidimia, upana wa kidole kimoja kwa kila kituo. Naim alitoa daftari lake akaandika: springi, nzuri.

"Songeni ndani, songeni," Ngige aliwaambia, goti lake likiwa chini ya ngazi. "Kuna nafasi bado."

"Hii imewahi kutokea?" Naim alimuuliza.

"Itatokea aje, na ilikuwa inaenda Bungoma tu?"

Kila kona iliyofuata walipanda wengine, na walipofika kwenye kibanda cha maziwa walikuwa na abiria kumi na wanane. Chepkosgei alikuwa amesimama pale pale, kwa sweta ya kijani, chini ya mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Jepkoech aliteremka matopeni. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi. Za mdogo wake hazikuwa na hata moja.

"Ni ile?" aliuliza Chepkosgei.

"Ni ile."

"Nimekuwa nikimwambia mtoto inakuja. Alikuwa anaanza kutoniamini."

Jepkoech akaweka mkono tumboni mwake, kama alivyowawekea wanawake wengi katika kazi yake. Mtoto alicheza. Jepkoech akalia, akapenga makamasi, akamkalisha mdogo wake kiti cha mbele. Yeye mwenyewe akajibana nyuma kati ya Ngige na nyanya wa wale watoto. Mwavuli ulibaki mikononi mwake. Naim aliendesha polepole kuteremka, akikwepa mashimo, kwa sababu ya mama mjamzito.

Hospitalini mjini, mlinzi alifungua geti, akawahesabu, akawaelekeza kwenye mabenchi ya mkono wa kushoto. Muuguzi wa zamu aliitwa Gladwell. Aliandika majina yote, na kwa kila mmoja akaandika pia mwaka aliougua. Alipofika kwa Chepkosgei alimtazama tumbo, akainua macho.

"Huyu amengoja sana," alisema.

"Miaka tisa," Jepkoech alimjibu.

"Pole sana, mama. Keti. Daktari anakuja."

Hakuwa mtu mbaya, Gladwell. Alikuwa kazini tangu usiku na alikuwa peke yake.

Naim alikwenda msikitini kuswali Ijumaa. Aliporudi, saa nane na nusu, aliwakuta kwenye mabenchi yale yale. Mzee alikuwa bado juu ya ngazi yake. Chepkosgei alikuwa amelaza kichwa begani kwa dada yake na kusinzia.

"Gari ni nzima, mama," Naim alinong'ona. "Nyuma tubadilishe bushi, zile raba za springi. Nunua."

Jepkoech alimwegemeza mdogo wake ukutani, akamtilia leso shingoni ili isimuume, akatoka nje na Ngige kukamilisha maneno, Naim akiwafuata. Walikubaliana bila kubishana sana. Ngige alimpa ufunguo kwa mikono miwili.

Kando ya gari lake palikuwa na ambulensi mpya, nyeupe, maandishi yake bado yanang'aa. Dereva alikuwa akipakia kuku waliofungwa miguu na magunia mawili ya mahindi. Bwana mmoja mnene alikuwa ameshaketi mbele, akipiga simu, akimwambia mtu wa Bungoma aanze kuchoma nyama.

"Shikamoo, mama," dereva alimsalimu, kwa adabu. Jepkoech aliitikia. Alisogea dirishani akachungulia. Ile gia fupi ya pembeni ilikuwa imevikwa nailoni.

Kisha akamgeukia Naim.

"Juu ya kibanda cha maziwa kuna kona ngapi?"

"Sijui. Sisi tuligeukia pale."

"Kumi na moja," alisema Jepkoech. "Washa."

Magari mawili meupe yalitoka getini pamoja. Mlinzi aliyapigia saluti yote mawili. La mbele lilishika njia ya Bungoma, kwenye lami, na la nyuma likashika njia ya Endebess. Kwenye benchi la mkono wa kushoto Chepkosgei aliamka, akauliza dada yake ameenda wapi, na Gladwell akamwambia anakuja.