Koti Lisilomalizika

Sijawahi kuwapenda watu wanaouliza "Unajisikiaje?" huku wakitupia saa jicho. Mshauri wa kwanza niliyemwendea alikuwa na zulia na maua ya plastiki, na kwa saa moja alitaka pesa ninazopata kwa kushona sare za darasa zima. Wa pili alikuwa wa bure, kwenye simu: sauti ya kurekodiwa ikiniambia nivute pumzi. Miaka arobaini na saba navuta pumzi bila mwalimu!

Lakini mikono ilikuwa imenigomea. Tangu dada yangu afie nyumbani kwangu, nikishika mkasi vidole vinatetemeka, na fundi cherehani asiyeweza kukata kitambaa ni mpiga soga tu. Wateja walianza kuvifuata vitambaa vyao kimyakimya. Shangazi akaniambia kuna kituo ambako wanafunzi wa ushauri nasaha huwasikiliza watu kwa bei ya chini, mradi uonyeshe kuwa huna uwezo.

Mimi nami, kwa kiburi cha kazi, nikavaa suti. Fundi hatoki nje na nguo mbovu.

Karani wa mapokezi alinitazama kuanzia kola hadi viatu. Kola yake mwenyewe ilikuwa imelala upande, na kifungo kimoja kimeshikizwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Samahani mama, bei hii ni ya wasiojiweza."

"Nani kakwambia najiweza?"

"Hiyo suti."

"Nimeishona mwenyewe, baba."

"Basi una kazi. Waangalie wenzako pale."

Nikawaangalia. Kwenye benchi alikaa mwenye duka la mbao, niliyemshonea suruali tatu kabla mikono haijaharibika. Siku hiyo kavaa shati lenye tundu kwapani, na uso kaukunja kama wa mfiwa. Aliponiona akageukia ukutani. Huyo fomu yake ya bei ya chini ilikuwa imepita!

Hasira zikanipanda. Nikavua koti, nikaligeuza, nikalitandika juu ya meza ya karani.

"Nguo hukaguliwa ndani, kijana. Soma."

Bitana, kitambaa cha ndani, ilikuwa viraka vitupu: pazia kuukuu, shuka, mfuko wa mto. Mkono wa kushoto haukuwa na bitana kabisa, nyuzi zinaning'inia. Msichana mmoja mwenye daftari, mwanafunzi aliyetoka kumwita mtu wa zamu yake, akasimama akautazama ule mkono wa koti.

"Njoo ndani, mama. Habari ya bei nitaongea nao mimi."

Chumbani mlikuwa na viti viwili na feni mbovu. Mtoto mdogo, nikawaza, atanifundisha nini huyu? Hakuniuliza ninajisikiaje. Aligusa zile nyuzi.

"Mbona uliachia hapa?"

"Dada aliniita, siku ile ya mwisho."

"Ukaenda?"

Nilitaka kumjibu jeuri. Nimewadharau wengi, lakini hakuna niliyemdharau kama mimi, mwenye koti lile.

"Nilimwambia asubiri nimalize mshono. Akaita tena, nikamfokea."

Msichana alifunga daftari lake.

"Mara ya tatu nilimsikia," nikasema. "Sikuitika. Mshono ulikuwa unanyooka vizuri."