Kiwanda Kikongwe cha Dokta Thani

Khawla hajapata kuionja bia, lakini umri wa viwanda vya bia vya Marekani aliujua kuliko wanywaji wenyewe. Miaka mitano aliufuatilia ugomvi wa wenye viwanda: huyu anasema ndiye mkongwe kwa sababu ya mwaka ulioandikwa juu ya mlango, yule kwa sababu kiwanda hakijatoka mikononi mwa ukoo, wa tatu kwa sababu hakufunga hata siku moja. Wote waongo kidogo, na kazi yake ilikuwa kupima nani kazidi.

Sura ya kwanza ya kitabu chake, yenye madai ya viwanda tu kabla ya kuyapima, alimpa Thani aisome. Thani ni mtoto wa shangazi yake, na ndiye mkuu wa idara yao katika chuo kimoja cha mji wa Al Khoudh. Alimrudishia kwa ncha za vidole. Bia, alisema, na jina la ukoo wetu? Iweke kando. Miezi minane baadaye sura ile ikatoka kwenye jarida, neno kwa neno, kwa jina la Thani peke yake. Leo anaitetea mbele ya kamati apewe uprofesa, uprofesa ule ule alioomba Khawla, na nafasi ni moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Khawla alikaa safu ya pili. Alimchukia, na chuki hiyo ilimtuliza. Mbele yake alikaa shangazi mwenyewe, Bi Nunu, aliyekuja kumwona mwanawe akiheshimiwa.

Thani, kilemba kimemkaa sawasawa, alitangaza kwamba kiwanda kikongwe kuliko vyote ni kimoja cha kando ya mto Ohio, kilichopika bia tangu 1831 bila ya kusita hata mwaka mmoja. Khawla akainua mkono.

"Na ile miaka kumi na tatu pombe ilipopigwa marufuku, kilipika nini?"

Thani akatabasamu. "Dokta Khawla anachanganya Marekani na kwetu. Wamarekani na marufuku ya pombe, wapi na wapi."

Ukumbi ukacheka. Khawla aliwaacha wacheke mpaka wakinai. Profesa Saud, mwenyekiti wa kamati, hakucheka. Alisema taratibu kwamba marufuku hiyo ilikuwepo, 1920 mpaka 1933, na mtu aliyetafiti habari za bia hawezi kukosa kuijua.

Hapo Khawla akamkabidhi barua ya kiwanda kile. Kiwanda chenyewe kilikiri kuwa marufuku ilikifunga, jengo likawa ghala la barafu, na waliokifungua tena walikuwa watu wengine kabisa. Saud aliisoma yote, kisha akarudi juu ya ukurasa: imeandikwa kwa Dokta Khawla, kujibu maswali yake, miaka miwili kabla ya jarida.

"Basi makala hii ni ya nani?" aliuliza.

Thani akanywa maji. Khawla aliyatazama mafunda yakishuka kooni, na kila moja lilimpa raha.

Bi Nunu alimfuata Khawla mpaka kwenye gari, macho mekundu.

"Umemvua nguo ndugu yako mbele za watu. Ungekuja nyumbani ukasema, tukayamaliza wenyewe."

"Nlikuja, shangazi. Ijumaa ile, sote tuko kwenye sinia. Nkasema Thani kaniibia kazi yangu. Ukanambia nini?"

Bi Nunu alikumbuka, ilionekana usoni mwake.

"Nlikwambia umuongeze wali," alisema.