Darasa la Sauti Zilizozimwa

Mwalimu Vondracek alipoandika kwamba nusu jumlisha robo ni saba, darasa zima lilicheka. Mimi nilishtuka kidogo, maana mtu huyo hakosei. Yeye alikuwa nyumbani kwake, sisi shuleni. Ndivyo tulivyoishi mwaka ule wa ugonjwa hapa Nebraska: Kundi la Bluu wanakuja Jumatatu na Jumanne, Kundi la Dhahabu Alhamisi na Ijumaa, Jumatano jengo linapigwa dawa. Siku isiyo yako unasoma kwenu kwa kishikwambi cha shule, na wako wachache waliobaki kwao wiki nzima kwa sababu wanaishi na wagonjwa.

Vondracek ana kisukari, na daktari alimkataza kabisa kukaa chumba kimoja na watoto. Basi alifundisha kutoka kwake, uso wake mkubwa kwenye skrini ya ukutani, na mimi nikatolewa maktaba nije kuwalinda watoto wasivue barakoa wala kurushiana vifutio. Kazi ya askari magereza.

Sauti zote za darasa alikuwa nazo yeye. Watoto wa nyumbani walikuwa wamemharibia kipindi kwa kuwika kama majogoo, naye akapandwa na hasira, akawazima sauti wote na kufunga hata sehemu ya kuandikiana. Anayetaka kusema ainue mkono, yeye amfungulie. Sisi wa darasani alitusikia kwa kompyuta iliyokuwa mezani kwangu. Mkuu wa shule aliusifu utaratibu huo mbele ya wazazi. Mimi nilisema huko ni kufunga nyumba ukameza ufunguo, lakini nani anamsikiliza Marlys Kucera?

“Mwalimu kalewa,” alisema Kolby kutoka dawati la nyuma. “Saa tatu hii asubuhi! Huyu mzee noma.”

“Kolby, funga bakuli.”

Kwenye skrini Vondracek alijifuta paji la uso. Kola ya shati ilikuwa imelowa jasho, na nje theluji ilifika magotini. Akaiandika ile saba tena juu ya saba.

“Mwalimu, uko salama?” nilimuuliza.

“Nyamaza, mwanamke.”

Kicheko kikakatika. Vondracek ni mtu wa kuiambia “tafadhali” hata mashine ya kutoa nakala. Na marehemu mume wangu alikuwa na sukari, kwa hiyo lile jasho nalijua, na ule ukali usio wa mtu mwenyewe naujua pia.

“Mwalimu, sukari imeshuka! Kula kitu! Juisi, pipi, chochote kile!”

“Chakula hakiruhusiwi darasani,” akasema polepole, kama anavyowaambia watoto kila siku.

Nilinyakua simu ya ukutani nikampata Joleen, karani wa ofisi kuu.

“Joleen, ita gari la wagonjwa liende kwa Vondracek. Anazimia mbele ya watoto.”

“Mungu wangu! Ngoja, nawapa anwani.”

Nikangoja na simu sikioni, huku namwita Mwalimu jina lake kila mara asilale. Mji wetu ni mdogo, polisi walitangulia kufika kwenye anwani ile upesi. Kisha nikamsikia Joleen anahema.

“Marlys, nyumba ile ilishauzwa. Wanaishi watu wengine. Alihamia wapi?”

“Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye unayejua hata paka wa watu wanalala wapi?”

“Tangu mkewe aondoke hasemi na mtu. Barua zake zinakwenda sanduku la posta tu, dada. Nampigia simu.”

Simu yake ikalia kwenye skrini, pale pale mezani mbele yake, inatetemeka. Aliitazama kama hajui kifaa hicho ni cha nini. Watu wa dharura walimwambia Joleen kwamba simu ile itawaonyesha eneo, si mlango, na hata hilo litachukua muda. Vondracek akainama upande, akateleza, akatoweka. Tukabaki na kiti kitupu, kipande cha pazia la kijani na pumzi nzito kutoka chini.

Watoto wawili walianza kulia. Wale wa nyumbani niliwaona kwenye visanduku vyao, midomo wazi, wanapiga kelele zisizotoka. Nilibonyeza kila kinachobonyezeka kwenye kompyuta yangu, haikusaidia kitu, sauti za darasa alizishika Vondracek peke yake. Niliuchukia utaratibu ule kiasi cha kutaka kuing’oa skrini ukutani.

Ndipo honi ya treni ikalia kwenye spika, ndefu, na baada yake kengele ya pale reli inapokata barabara.

“Yuko karibu na reli!” Kolby alipiga kelele.

“Nusu ya mji huu iko karibu na reli, mwanangu.”

Kwenye skrini kuna kisanduku kilichokuwa cheusi tangu shule ilipofunguliwa, kina jina tu: Yesenia Barrientos. Kazi zake safi, uso haujawahi kuonekana. Kila Jumatatu Mwalimu alimgombeza afungue kamera, naye kimya. Mimi nilijua kwa nini. Nilipompelekea bibi yake kishikwambi, niliiona trela wanayoishi, nyumba ya bati yenye magurudumu, chini ya maghala ya mahindi, wamejazana na bibi anayekohoa. Mtoto wa umri ule ni afadhali agombezwe kuliko aonekane.

Sasa kisanduku kikafunguka. Uso mwembamba, macho makubwa, na karatasi iliyoandikwa kwa haraka: TRENI HIYO IMEPITA DIRISHANI KWETU SASA HIVI.

“Yesenia, unanisikia?”

Akatikisa kichwa kukubali.

“Nyumba za huko ni nyingi?”

Akatanua mikono: nyingi mno. Kisha akatoka mbio, akarudi na sufuria na upawa. Akaipiga sufuria, sisi hatukusikia kitu. Akaonyesha nje, akaonyesha sikio lake, akaninyooshea kidole mimi. Mimi nimezubaa tu.

“Anatoka nje!” Kolby aliruka. “Yeye apige, sisi tusikilize kwa Mwalimu! Ikilia huku, basi amefika!”

“Vaa koti!” nilimpigia kelele, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa na maana.

Vishikwambi vyetu vina laini yake ya simu, havipotezi mtandao ukitoka nje. Yesenia alikibana chake kwapani, tukaona theluji, buti, mbingu ya kijivu, ukingo wa sufuria. Mkono wake ulipanda na kushuka bila sauti. Kwenye spika tulisikia pumzi za Vondracek tu, na kati ya pumzi na pumzi kimya kilikuwa kinarefuka.

“Marlys,” Joleen akasema sikioni mwangu, “gari liko barabarani, dereva anauliza aende wapi.”

“Aende maghala ya mahindi. Wakifika wazime king’ora, wasikilize sufuria.”

“Wasikilize nini?”

“Sufuria, Joleen! Sufuria!”

Nyumba ya kwanza, hakuna. Nyumba nyingine, hakuna. Watoto walikuwa wameacha madawati yao yaliyotenganishwa kwa rula, wamenizunguka, barakoa zimeshuka, wananipumulia shingoni. Sikumfukuza hata mmoja. Kisha mbwa akabweka ndani ya spika, na nyuma ya mbwa, kwa mbali, ngo, ngo, ngo.

“Hapo! Nimesikia!”

Ikafifia.

“Umepita! Yesenia, rudi nyuma!”

“Rudi! Rudi!” darasa zima likapaza sauti.

Theluji ikazunguka kwenye skrini. Sauti ikakua. Ikakua tena, hadi spika ikalia kama inapasuka na Kolby akaziba masikio. Kwenye kisanduku cha Yesenia tukaona dirisha, na ndani ya dirisha pazia la kijani. Akajaribu mlango, umefungwa. Picha ikapinduka, ikabaki mbingu tupu, maana kishikwambi amekitupa. Kwenye spika tukasikia kioo cha dirisha kikivunjika.

Baadaye ikaja sauti ya msichana, nzito kidogo, inahema, ngeni kwetu sote. Ilikuja kupitia kipaza sauti cha Mwalimu.

“Bi Kucera? Nimemwona. Yuko chini.”

“Ee mama! Anapumua?”

“Anapumua. Macho nusu nusu. Bi Kucera, sina barakoa.”

“Achana na barakoa! Mlaze ubavu. Anakujibu ukimsemesha?”

“Anasema… anasema robo tatu.”

Kolby aliangua kilio.

Joleen alinipa maneno ya watu wa dharura, mimi nikayapitisha: atafute kitu kitamu, asimmiminie mdomoni, ampake kidogo kidogo kwa kidole ndani ya shavu. Tukasikia droo zinavutwa, makopo yanaanguka.

“Kuna shira ya chapati!”

“Hiyo hiyo, mama. Kidogo kidogo.”

Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Yesenia alimsemesha kwa Kihispania, kwa upole, maneno ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Mtoto mmoja alinishika mkono na mimi nikaukaza wake. Nilikuwa naomba, mimi ambaye kanisani naenda Krismasi tu. Milango ya gari ikafungwa kwa kishindo nje ya nyumba ile, na sauti za wanaume zikaita.

Hapo Vondracek akakohoa.

“Wewe ni nani?” akauliza. Sauti yake ilikwaruza, lakini ilikuwa yake.

Miezi yote ile alikuwa akilitaja jina la msichana huyo kila Jumatatu.

“Mimi mwanafunzi wako, Mwalimu. Yesenia.”

Kisha tukamsikia mtu mzima analia sakafuni kwake, mbele ya waliokuja na waliobaki nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kumzima sauti.