Barabara ya Dar Ndani ya Kabati

Mwaka wa sabini na mbili nilifunga saumu mbili kwa mpigo, ya chakula na ya usingizi. Ya chakula ni faradhi, haina mjadala. Ya usingizi nilijitwisha mwenyewe, kwa ajili ya kabati.

Lilikuwa kabati la nguo la marehemu mke wangu, Mwanaharusi. Mninga mtupu. Siku lilipoletwa Bagamoyo, lori lilipasua matairi matatu njiani, na la nne likajipasukia lenyewe kwa huruma. Mimi nikalitoa rafu, nikalitoboa dirisha kifuani, nikatia kioo. Ndani nikalaza pipa la bati, nikalizungushia turubai, na juu ya turubai nikachora barabara ya Dar: Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, mpaka Magomeni. Mota ya waipa ya lori bovu, ikila umeme wa betri, ilizungusha pipa, barabara ikawa inakujia. Wewe mchezaji unasimama nje, umeshika usukani wa mbao, unakiongoza kigari cha bati kinachoning'inia juu ya barabara. Mashimo nayo ni ya bati. Ukikanyaga shimo kengele inalia, taa inazima, safari yako imeishia hapo. Walioijua barabara ile ya wakati ule watasema mashimo niliweka machache. Kweli. Ningeyaweka yote, barabara isingepata pa kupita.

Umeme sikuusomea popote. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye nyumba ya mashine ya shamba la mkonge, na kila nilichokijua nilifundishwa kwa kupigwa shoti. Shoti moja iliwahi kunitoa ndani ya nyumba ya mashine ikaniweka kijiji cha Mkange, nikalazimika kurudi kwa miguu. Hiyo ndiyo iliyonifundisha tofauti ya waya mwekundu na mweusi.

Lakini umri ule wa kurushwa ulikuwa umepita. Nilikuwa na miaka sitini na tatu, mkono wa kulia unatetemeka, magoti yanalia kuliko bawaba za kabati. Na katikati ya Ramadhani akaja binti yangu Ashatu kutoka Dar, akakaa kizingitini akanitazama nilivyozungukwa na waya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Usikanyage hapo, hiyo ni Mapinga."

Hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi.

"Baba, kwenye mtungi hamna maji. Mkaa umekwisha. Jana umefuturu nini?"

"Pilau."

"Umefuturu nini, baba?"

"Tende," nikasema. "Lakini zilikuwa nyingi."

Akaniambia maneno ambayo nadhani aliyapanga njia nzima. Kwamba yeye na mumewe wana chumba cha uani, Ilala. Kwamba mtu mzima hawezi kukaa peke yake na betri. Kwamba nyumba ifungwe, niende nikakae nao. Mimi katika nyumba ile nimezaliwa, nimeolea humo, na kutoka humo nimemzika mke wangu. Nikamwambia siendi. Akasema nitakwenda. Tukavutana mpaka adhana ya magharibi, na kwa kuwa wote tulikuwa na njaa tukakubaliana haraka. Sikukuu nitalipeleka kabati kiwanjani. Likifanya kazi Idi mosi na Idi pili, niachwe kwangu, na neno la Ilala lisisikike tena. Likishindwa, nafunga nyumba.

"Na asiamue jirani yako Mzee Kombo," akasema. "Naamua mimi."

"Amua wewe," nikasema.

Siku zilizobaki nilizimalizia kwenye mlango wa sarafu. Hiyo mota na hilo pipa ni kazi ya fundi yeyote. Lakini kuifundisha mashine ikae kimya mpaka ilipwe, hapo ndipo kichwa kinapouma. Nilikata mlango mdogo wa bati chini ya usukani, nikaupasua mwanya wa kupitisha senti ishirini, ile yenye picha ya mbuni. Nyuma ya mwanya nikaunga mfereji wa bati ulioinama. Katikati ya mfereji nikasimamisha vipande viwili vya shaba, huku na huku, vinavyotazamana bila kugusana. Sarafu ikiteremka inavigusa vyote viwili kwa nukta moja. Umeme unavuka juu ya mgongo wa yule mbuni, sumaku inavuta ulimi wa chuma, ulimi unaukamata mkondo wa mota na hauuachii mpaka kengele ya shimo.

Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la mkaa, saa nane mchana, nimefunga. Dawa ya kulehemia sikuwa nayo, nikasaga sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti. Moshi wake unapanda puani, koo limekauka, jasho linadondokea risasi ya kulehemia iliyoyeyuka, linalia chwaa. Nilikuwa nikiunga waya mmoja nalala chini robo saa kwenye sakafu. Naamka, naunga wa pili. Kombo, jirani yangu, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho lakini ulimi hajaustaafisha, alikuwa akichungulia dirishani.

"Mwinyijuma, umekufa au umepumzika?"

"Nafikiri."

"Fikiri umekaa, watu wasije wakaleta sanda."

Siku ya ishirini na tisa nililijaribu. Nilikuwa na senti ishirini moja tu, nimeisugua kwa majivu mpaka yule mbuni akawa anajiona. Nikaitumbukiza: tak, taa ikawaka, barabara ikaanza kuja. Nikaitoa, nikaitumbukiza tena. Mara mia moja. Mara zote mia ikakubali. Kombo nilimwambia mara elfu, na baada ya futari nikamwambia elfu tatu.

Idi mosi, baada ya swala, mkokoteni ukalibeba kabati hadi kiwanja cha sikukuu, nikalisimamisha kati ya pembea na mwuza aiskrimu. Ashatu, aliyerudi kutoka Dar kwa sikukuu, alikuja nyuma na kigoda, akakaa kando, mikono mapajani, kama hakimu. Watoto walijaa. Nguo mpya, viatu vinavyobana, na kila mmoja ngumi imefumbata hela za sikukuu alizokusanya nyumba kwa nyumba.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa kike wa mtaa wa pili, Mize, gauni la manjano linamzidi. Akatumbukiza.

Sarafu ilishuka. Nikaisikia ikidondoka kwenye kopo mwishoni mwa mfereji. Taa haikuwaka.

"Babu, imekula."

"Tia nyingine, hiyo imeshtuka."

Akatia. Hiyo hata kwenye kopo haikufika. Wa nyuma yake akatia yake, ikakwama juu ya ile. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Sanduku linakula hela!" na wote wakaidaka: "Linakula hela! Linakula hela!" Mwuza aiskrimu akacheka mpaka akaangusha koni.

Kombo akajipenyeza mbele. "Mwinyijuma, hili si mchezo, bwana. Hili ni sanduku la sadaka. Ungelipeleka msikitini lingesimama vizuri."

"Kombo, leo ni Idi, niache."

"Nakuacha. Ila wanangu, msitie hela, mtie nia."

Nikafungua mlango wa sarafu. Bisibisi ikanidondoka mara mbili, na jua lilikuwa limenikalia utosini. Mwezi mzima wa kutolala ulinijia pale pale, wote kwa pamoja. Nikaivuta sarafu iliyokwama. Ilikuwa inateleza na kunata. Nikainusa, kisha nikailamba: halua. Halua yenye iliki na samli nzuri kabisa.

Nilielewa kila kitu nikiwa nimepiga magoti. Mara zote mia nimejaribu kwa sarafu ya mtu aliyefunga. Hakuna mtoto Bagamoyo nzima anayepewa hela ya sikukuu kabla ya kupewa kipande cha halua, na mkono ni ule ule. Sukari inaigandisha sarafu kwenye bati. Samli inaivika koti, umeme unagonga pale juu ya mgongo wa mbuni na hauingii. Nimezaliwa hapa, nimekuwa mtoto hapa, nimekusanya hela hapa kwa mikono ya halua, na sikukumbuka.

Nikafuta vipande vya shaba kwa kanzu yangu mpya. Sarafu mbili zikapita, ya tatu ikakwama. Dawa ilikuwa moja: kila sarafu ioshwe kabla haijaingia, kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe. Na mimi siwezi kuosha huku nikilinda betri, nyaya, na watoto wanaotaka kuingia ndani ya kabati waione Dar.

Mtu aliyekuwa hana kazi pale kiwanjani alikuwa mmoja tu.

"Ashatu."

"Naam, baba."

"Nahitaji karai. Na maji ya moto."

Akaitazama ile sarafu mkononi mwangu. Alikuwa ameshaelewa, yule hana kichwa kizito. Angekaa tu kwenye kigoda chake nusu saa nyingine, nyumba ingekuwa imefungwa.

"Unaniomba mimi?" akasema.

"Nimwombe nani? Kombo haoni."

Akainuka. Akaenda nyumba ya jirani, akarudi na karai kichwani, birika mkononi, sabuni, na kanga kuukuu. Akakaa chini mbele ya kabati. "Haya, mpange mstari! Hela huku. Wewe, lamba vidole kwanza."

Akawa anaziosha, anazikausha, anatia mwenyewe. Tak. Taa ikawaka, barabara ikaja, na Mize akaendesha mpaka Kerege akaingia shimoni, kiwanja kizima kikampigia kelele za furaha. Tukafanya hivyo mpaka jua kuzama. Idi pili vile vile, tangu asubuhi, maji yakibadilishwa mara sita. Mtoto mmoja wa Zinga alifika Magomeni, nami nilimpa mkono kama waziri. Ashatu hakupumzika ila kuswali. Mimi nililala nimesimama, bega langu kwenye mninga, na hakuna aliyeona tofauti.

Idi pili magharibi watoto walipotawanyika, akamwaga maji ya mwisho, akakaa juu ya karai lililopinduliwa.

"Limefanya kazi," akasema. "Siku zote mbili. Neno ni neno, baba. Baki kwako."

Alikuwa anafuta mikono. Hina ya sikukuu ilikuwa imemtoka yote, imebaki rangi ya chai kwenye kucha, na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyezama. Nyumba ilikuwa yangu. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu, na mimi maishani nimefanya makubwa kuliko kunyamaza.

"Halikufanya kazi," nikasema.

"Nini?"

"Kabati limeshindwa tangu sarafu ya kwanza. Kilichofanya kazi ni wewe. Nikibaki peke yangu halitawaka, na mtungi nao utakuwa mkavu. Nitakwenda Ilala."

Akakunja uso. "Baba, unataka kunichezea nini sasa?"

"Sikuchezei."

"Ulimwambia Mzee Kombo umelijaribu mara elfu tatu."

"Mara mia moja. Na sarafu moja. Ashatu, nimechoka."

Aliendelea kunichunguza usoni kutafuta kule ninakocheka. Ilibidi niape, na nilipoapa mara ya kwanza akasema rudia. Nikarudia. Ndipo akainamisha kichwa kwenye ile kanga yenye maji, mabega yakamtikisika kidogo, na sikumuuliza kama ni kicheko au ni lile lingine.

Nikachomoa nyaya za betri.

"Huko Ilala kwenu," nikasema, "watoto wa mtaa wana hela?"

"Hawana hata ya karanga, baba."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Basi nitalala."