Mara Mia Sita na Kumi na Mbili

Barua ya kupandishwa cheo ilimkuta na glavu mikononi na panya kiganjani, akamwomba fundi wa maabara amsomee. Fundi akasoma kwa madaha, kama anayetangaza harusi: kuanzia mwezi ujao mama huyu ni profesa kamili, kwa kuwa makala yake kuhusu dawa ya kumbukumbu imerejelewa na watafiti wenzake mara mia sita na kumi na mbili.

"Mwalimu, umewafunika wote."

Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Makala ile ilikuwa ya miaka tisa iliyopita, na kwa miaka saba hakuna aliyeitupia jicho. Akanawa mikono, akaanza kuwasoma waliomtaja.

Wa kwanza aliandika kwamba mama huyu alithibitisha kuwa dawa ile hurudisha kumbukumbu. Wa pili vivyo hivyo. Wa arobaini vivyo hivyo, hata koma ilikaa palepale. Yeye alikuwa amethibitisha kinyume chake: panya waliopewa dawa walipotea njia kama wasiopewa, na waliokaa nayo muda mrefu walizidi kupotea. Mtu mmoja alisoma vibaya. Waliobaki walimsoma huyo mmoja.

"Sahihisha, nani kakuzuia?" mkuu wa idara alimwambia kwa upole. "Lakini jopo la kupandisha vyeo halisomi, dada yangu. Jopo linahesabu. Ukiwaondoa waliokosea, utabaki na wangapi?"

Alibaki na kumi na mmoja. Hata hivyo aliyaandikia majarida yote. Mawili tu yalijibu: moja lilimshukuru, jingine likamtaka athibitishe kuwa makala hiyo ameielewa.

Alasiri moja mdogo wake alipiga simu. Baba yao, ambaye siku hizi alikisaka chumba chake ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, alikuwa amepewa dawa mpya.

"Daktari alinionyesha utafiti, dada, nikaona jina lako. Baba alilia kwa furaha. Anawaambia majirani kwamba bintiye ndiye anayemponya."

Akaketi polepole. "Ameimeza tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Leo amenyoa ndevu mwenyewe, ingawa upande mmoja. Ngoja, anataka kukushukuru."

Alisikia kiti kikivutwa, na pumzi ya mzee ikisogea karibu.

"Mwanangu," baba alisema. "Upo?"

"Nipo, baba."

Na mzee, kwa subira, akamsubiri aendelee.